Kinyozi Aliyevaa Viatu Vyote Viwili

Mashine inanguruma. Nusu ya kichwa cha mteja imenyolewa, nusu nyingine bado msitu, na kinyozi amekodolea macho sakafu kama aliyeona nyoka. Hapo ndipo tulipomwacha wiki iliyopita, na najua wapo walionikasirikia. Basi hasira zishuke. Hakuona nyoka. Aliona viatu vyake, kimoja kwa kila mguu.

Kwa mtu mwingine hiyo si habari. Kwa kinyozi wetu ilikuwa tangazo la msiba.

Wewe uliyejiunga nasi leo, sogea karibu nikupe maneno mawili. Tangu redio ya saluni iliposimulia habari ya baba aliyemsahau mwanawe ndani ya gari lililofungwa juani, mtoto akafa, kinyozi hajalala usingizi wa maana. Siku ile wateja walisema, "Huyo si baba, ni mnyama." Mtangazaji alieleza kwamba yule bwana alimpenda sana mwanawe, alikuwa akienda kazini kama siku zote, na akili ikazoea njia ya kazini ikamwacha mtoto kwenye kiti cha nyuma. Hilo ndilo lililomtia hofu kinyozi. Yule baba angekuwa mnyama, yeye angelala fofofo.

Ndipo akajitungia sheria. Kila asubuhi, akishamfunga mkanda binti yake mwenye meno mawili, ambaye yeye humwita Bosi, anavua kiatu cha kushoto na kukiweka kando ya mtoto. Akifika kwa mlezi anamshusha Bosi, kisha anachukua kiatu chake. Mtu anaweza kupitiwa na mengi, lakini nani atakanyaga lami na soksi asijue? Mtaa ukambatiza jina Baba Kiatu. Mama mkwe wake naye alikuwa na ya kusema, na huyo hasemi kidogo.

Sasa viatu vyote viwili viko mguuni. Ama kinyozi alimshusha Bosi kwa mlezi akachukua kiatu chake, mambo shwari. Ama leo asubuhi hakuvua kiatu kabisa.

Alijaribu kukumbuka. Alimwona mlezi mlangoni, mwiko mkononi. Alimwona Bosi akilia na kumng'ang'ania shati. Lakini hayo yalikuwa ya leo au ya jana? Mlezi hushika mwiko kila siku, na Bosi hulia kila siku.

"Kaka, hiyo mashine inaunguza," mteja akalalamika. Huyu wanamwita Refa, kwa sababu ndiye anayechezesha mechi zote za mtaani, na filimbi haitoki shingoni mwake hata akienda kuoga.

"Refa, uliniona nikiingia leo?"

"Nilikuona."

"Nilikuwa navaa kiatu mlangoni? Au niliingia nimeshavaa?"

"Nimekuja kunyolewa, sikuja kukagua miguu. Maliza huku, jioni nina fainali."

Mashine ilianguka sakafuni ikiendelea kunguruma. Kinyozi alikuwa ameshatoka.

Mbio alizopiga hazikuwa za mtu mwenye kitambi. Alipita duka la viatu, akapita duka la mikate, akaruka mtaro, huku Refa akimfuata na shuka la kunyolea likipepea mgongoni.

"Nusu kichwa!" Refa alipiga kelele. "Utaniacha na nusu kichwa mbele za watu!"

Gari la kinyozi lilikuwa nyuma ya duka la mikate, juani kabisa, bati lake likiwaka. Kinyozi alibandika uso kwenye kioo cha nyuma.

Bosi hakuwemo.

Alishusha pumzi, kisha akaivuta tena. Hata kiti cha Bosi hakikuwemo.

"Wamemwiba!" akasema. "Refa, wamemwiba mwanangu pamoja na kiti chake!"

"Mwizi gani huyo," Refa akauliza, akihema, "anayeiba mtoto na kiti, halafu anakuachia gari na kulifunga vizuri?"

Kinyozi alikuwa ameshampigia mlezi.

"Leo hamkumleta," mlezi akajibu. "Nimewasubiri mpaka uji umepoa. Nikajua mmesafiri."

Hayumo garini, hayuko kwa mlezi. Alimpigia mkewe, ambaye huuza dawa katika duka la dawa upande wa pili wa mji, na sauti iliyomtoka ilikuwa nyembamba kuliko uzi.

"Mke wangu. Usishtuke. Bosi yuko wapi?"

"Yuko kwa bibi yake," mkewe akasema. "Mama si amekuja asubuhi kumchukua ampeleke kliniki akachanjwe? Wewe mwenyewe ndiye uliyekihamisha kiti ukakifunga kwenye gari lake. Ukampigia Bosi saluti. Umesahau?"

Na yote yakarudi: kiti, saluti, Bosi akinyonya kidole nyuma ya gari la bibi yake. Ndiyo maana hakuvua kiatu. Hakuwa na mtoto wa kuwekea kiatu.

Kinyozi alicheka mpaka akaegemea gari, nalo likamuunguza, akacheka tena. Huko kwenye simu mkewe naye alikuwa hoi.

"Wateja wananishangaa huku," mkewe akasema. "Yaani ukibaki na mtoto unavua kiatu, usipobaki naye unavua akili. Ngoja nimwambie Mama, naye acheke."

"Usimwambie! Mke wangu, tafadhali, kila kitu, lakini Mama usi..."

Simu ilikuwa imeshakatika.

Mama mkwe wa kinyozi wengi humwita Matroni. Alikuwa matroni wa bweni la wasichana mpaka alipostaafu, na mpaka leo akiingia chumbani watu hukaa sawa. Simu ya binti yake ilimkuta barabarani akielekea kliniki. Matroni hashiki simu akiendesha. Alisimamisha gari pembeni, akasikiliza, na hakucheka hata kidogo. Alirudisha simu kwenye mkoba na kugeuza gari.

Kinyozi hakuwa na habari. Alikuwa saluni anamalizia nusu ya pili ya kichwa, na saluni nzima inamsimanga.

"Mimi nikimpoteza mke," Refa akasema, "nitakuita wewe umtafute. Unakimbia vizuri."

Ghafla kicheko kikakatika. Mlangoni alikuwa amesimama Matroni, mkoba kwapani, kilemba kimekaa kama kilichochongwa.

"Shikamoo, Mama," kinyozi akasema.

"Marahaba. Zima hiyo mashine."

Mashine ikazimwa. Refa akabaki na kichwa chake cha mafungu mawili, akajifanya anasoma bei za kunyoa ukutani.

Matroni aliketi. "Nigeuzie hilo feni huku," akasema. "Joto hili litaua mtu."

Kinyozi akaligeuza.

"Mkwe wangu, mimi nakuheshimu. Unafanya kazi, hunywi, binti yangu hajawahi kuja kwangu analia. Lakini leo umempigia mtoto wa watu simu kazini, roho imtoke, eti umempoteza mtoto ambaye hukuwa naye. Hii ni akili au ni homa?"

"Mama, nilipitiwa tu. Nilipoona viatu..."

"Viatu! Nikikaa na wenzangu naulizwa, yule mkwe wako wa kiatu kimoja hajambo? Nimeliona soksi lako likiwa na tundu, mbele ya waumini. Asubuhi hii umethubutu kuniambia na mimi nivue kiatu changu nikiweke nyuma. Mimi!"

"Nilikuomba tu, Mama. Nilisema hata mkoba."

"Mkoba wangu nauweka ninapotaka." Matroni aliupigapiga ule mkoba mapajani. "Nisikilize. Nimekuwa na bweni la wasichana wasiohesabika kwa vidole. Kila usiku nilipita na taa, nikahesabu vichwa. Hakuna hata mmoja aliyepungua. Hata mmoja! Wala sikuwazaa mimi. Mwavuli husahauliwa. Miwani husahauliwa. Mtoto hasahauliwi, labda na mtu asiyempenda."

Kinyozi aliinamisha kichwa. Angeweza kunyamaza, na mkwe mwenye adabu angenyamaza. Lakini hapo alikuwa ameguswa penyewe.

"Mama, samahani. Wale nao waliwapenda."

"Hayo ni maneno ya redio."

"Waliwapenda, Mama. Mimi nampenda Bosi kuliko macho yangu, na leo nimesimama hapa nisijue nimemwacha wapi. Nilikuwa na hakika kwamba nimemshusha, na nilikuwa na hakika kwamba sikumshusha. Vyote kwa pamoja. Kama mapenzi yangekuwa yanatosha, nisingehitaji kiatu."

Refa aliacha kusoma bei za ukutani. Hata Matroni alimtazama kidogo kwa namna nyingine, kisha akakumbuka alichokuja kufanya.

"Maneno matamu hayo. Nipe maji."

Alipewa maji. Alikunywa taratibu, akapangusa midomo, na kuanza upya kutoka kwenye bweni. Refa, ambaye alikuwa anaona jioni inakaribia na kichwa chake kimegawanyika kama uwanja wa mpira, aliona heri aingize neno la kutuliza mambo.

"Na hiyo chanjo, mama yangu," akauliza kwa upole, "mjukuu alilia sana?"

"Chanjo gani? Sijafika hata kliniki. Niligeuza gari njiani nije nimwambie huyu..."

Matroni hakumaliza. Mdomo ulibaki wazi. Glasi ilimtoka mkononi, ikagonga sakafu, na maji yakamlowesha miguu asitikisike.

"Mama," kinyozi akasema. "Bosi yuko wapi?"

Matroni aligeuza macho kwenye mlango, ng'ambo ya barabara.

Wasomaji wangu, mara ya kwanza kinyozi alikimbia kama mtu. Mara hii sijui alikimbia kama nini. Gari la Matroni lilikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye kiwanja kisicho hata na kichaka. Refa alimpita kinyozi, akaruka katikati ya barabara na shuka lake, akapuliza filimbi kwa nguvu ambazo hajawahi kuzitumia kwenye penalti yoyote. Lori lilifunga breki. Pikipiki tatu zilisimama. Hakuna dereva aliyebisha. Ukimwona mtu mwenye nusu nywele anakunyooshea mkono, unasimama kwanza, maswali baadaye.

Vioo vya nyuma vilikuwa na mapazia. Mapazia hayo aliyashona kinyozi mwenyewe ili jua lisimpige mwanawe. Sasa yalimzuia kuona.

Mlango ulikuwa umefungwa. Akavuta wa pili, umefungwa. Akachukua tofali lililokuwa likizuia lango la kiwanja na kulipiga kwenye kioo cha mbele, upande wa abiria, mbali na mtoto. Kioo kikamwagika. Joto likampiga usoni kama amefunua sufuria.

"Funguo," sauti ndogo ikasema nyuma yake. Matroni alikuwa amefika, bila kilemba, bila kiatu kimoja kilichomtoka barabarani. Funguo zilikuwa mkononi mwake zikigongana. "Funguo ninazo, baba. Hizi hapa."

Kinyozi hakumsikia. Alikuwa amepenya kwa kile kioo mpaka kiunoni, amefungua mlango wa nyuma, ameukata mkanda kwa mkasi uliokuwa kwenye mfuko wa aproni yake.

Bosi alikuwa amelegea. Nywele zimelowa, shingo ya moto, kichwa kimelalia bega.

"Bosi."

Kimya.

"Bosi! Mwanangu!"

Bosi alifumbua jicho moja. Alimtazama baba yake kama mkubwa wa ofisi aliyeamshwa kabla ya wakati. Kisha akafungua mdomo, meno yake mawili yakaonekana, na kilio kilichotoka humo kilisikika mpaka kwenye duka la mikate.

Kinyozi alilia kumshinda.

Walimkimbiza saluni. Wakamvua nguo, wakamlaza mbele ya feni, wakamfuta kwa taulo zilizoloweshwa. Refa alikwenda mwenyewe zahanati ya pembeni akarudi na muuguzi, na huyo muuguzi baadaye alisema alimfuata kwa sababu alidhani mgonjwa ni yeye. Kinyozi alichukua ile chupa ya kupulizia maji vichwani mwa wateja, akampulizia Bosi tumboni. Bosi akanyamaza. Akampulizia tena. Bosi akafungua mdomo kuudaka ule mvuke na kupiga miguu.

Muuguzi alimpima joto, akamsikiliza kifua, akambonyeza utosi. "Mmemuwahi," akasema. "Apewe maziwa kidogo kidogo, halafu nileteeni zahanati nikae naye mpaka nitosheke. Gari juani ni jiko, jamani. Kufumba na kufumbua tu."

Hapo ndipo watu walipokumbuka kumtafuta Matroni.

Hakuwa kwenye kiti. Alikuwa amekaa chini, sakafuni, kwenye nywele za wateja, mgongo ukutani. Mwanamke ambaye mabweni mazima yalikaa sawa akiingia, alikuwa amejikunja kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Nilikuwa na hasira," akasema. Hakuna aliyemuuliza. "Nilipogeuza gari nikaanza kupanga maneno ya kukuambia. Nikayapanga vizuri. Alikuwa amelala, hakutoa hata sauti. Nilipoegesha, nilikuwa nimeshafika kwenye habari za bweni. Nikachukua mkoba wangu nikashuka."

Saluni nzima ilimtazama kinyozi. Hii ilikuwa zamu yake. Hujafa hujaumbika, na leo Matroni alikuwa ameumbuka mchana kweupe, mbele ya mashahidi. Baba Kiatu angeweza kurudisha kila neno, la soksi na la waumini, na hakuna ambaye angemlaumu. Refa alishaanza kutabasamu upande ule uliokuwa na nywele.

Na kinyozi alikuwa na hasira, tusidanganyane. Ilikuwa imemjaa kifuani. Lakini alipomtazama mama mkwe wake, alimwona yule baba wa kwenye redio. Alikuwa amemwogopa mtu huyo kwa wiki nyingi asimjue sura. Kumbe sura yake ni ya kawaida kabisa.

Alichuchumaa, Bosi begani. "Inuka, Mama. Ukae kwenye kiti."

"Usiniite mama."

"Nikuite nani sasa?"

Simu ya kinyozi ikalia. Mkewe.

"Mwambie kioo kimepigwa na mpira," Refa akanong'ona. "Mimi nitakuwa shahidi. Mimi ni refa, nitaaminiwa."

Kinyozi aliipokea. "Mke wangu."

"Mama amekupigia simu? Naomba usiniambie amekugombeza. Nimejaribu kumzuia." Mkewe alikuwa bado anacheka. Kisha akasikia sauti ya mtoto. "Huyo ni Bosi? Si walikuwa kliniki?"

"Ndiyo. Walipita hapa kwanza. Kulikuwa na... foleni. Na mpira..."

"Mpira gani?"

Mkono ulinyooshwa kutoka chini. "Lete simu," Matroni akasema.

"Mama, si lazima sasa hivi."

"Lete."

Akaishika kwa mikono miwili. "Mwanangu, mtoto ni mzima. Anza kusikia hilo. Mtoto ni mzima, muuguzi yuko hapa." Akaibana simu sikioni. "Nilimsahau kwenye gari. Si mumeo. Ni mimi. Nilimfungia nikaja kukaa kwenye feni, nikamwambia mumeo anayesahau mtoto hampendi. Yeye ndiye aliyemtoa."

Kwenye simu hakukuwa na kilio, wala kelele, wala swali. Ukimya ulikuwa mrefu mpaka Matroni akadhani imekatika, akaitazama. Kisha akasikiliza, na kumrudishia kinyozi.

"Anakutaka wewe."

Kinyozi alisogea mpaka kwenye kioo cha mwisho, karibu na mlango wa nyuma. "Nipo."

"Usimfokee Mama," mkewe akasema. Kicheko chote kilikuwa kimemwishia. "Niahidi."

"Simfokei. Hata sina nguvu hizo."

"Unakumbuka siku ile uliyoniachia gari na Bosi? Kabla hata hujaanza mambo ya kiatu. Nilirudi nyumbani macho yamevimba, ukaniuliza, nikakuambia ni vumbi la kupanga dawa stoo."

"Nakumbuka. Nilikwenda kukununulia dawa ya macho."

"Halikuwa vumbi."

Bosi alikuwa anamvuta sikio.

"Nakuja huko sasa hivi," mkewe akasema. "Nataka nikuambie nikiwa nakutazama. Nimelibeba peke yangu, limenishinda."

Simu ikakatika. Kinyozi alibaki ameishikilia sikioni. Kule sakafuni Matroni alikuwa anamtazama, macho yamemvimba.

"Amekasirika sana?" akauliza.

"Hapana, Mama," kinyozi akasema. "Anakuja."